"I am easy to learn": maswali yenu kuhusu vivumishi na "to"

Maswali mengi ya safari hii yameangukia mahali pamoja: kivumishi cha Kiingereza kinachofuatwa na "to" na kitenzi, kama "easy to do", "happy to come", "too tired to cook". Nimeyaweka pamoja kwa sababu jibu la mmoja litamfaa mwenzake.

Shikamoo mwalimu. Katika barua ya kuomba kazi niliandika "I am easy to learn new things". Rafiki aliyenisomea alicheka tu, hakuniambia kosa liko wapi. (Kijana, Morogoro)

Marahaba. Huyo rafiki angekucheka baada ya kukusaidia. Wewe uliwaza "mimi ni mwepesi wa kujifunza", ukatafuta neno la "mwepesi", ukakutana na "easy". Sasa "easy" ina tabia yake, na wenzake "hard", "difficult" na "impossible" wanayo pia: kinachotajwa mbele yake si mtendaji, ni mtendwa. "This lesson is easy to learn" ni sawa, kwa kuwa somo halijifunzi, linafunzwa. Ukisema "I am easy to learn", umejigeuza somo.

Mfano mbaya zaidi ni "I am easy to forget". Wengi huitumia wakimaanisha ni wasahaulifu. Mwingereza anaelewa kwamba watu wanakusahau upesi, na hilo si jambo la kumwandikia mwajiri. Sema "I forget easily". Kwenye barua yako weka "I am quick to learn" au "I learn fast".

Wasomaji wa Biblia wana mfano mzuri katika Yakobo 1:19. Kiswahili kinasema "mwepesi wa kusikia", na Biblia ya Kiingereza ya King James inasema "swift to hear". Haisemi "easy to hear", kwa sababu hiyo ingekuwa sifa ya sauti inayosikika vizuri. Vivyo hivyo yule mgumu wa kulipa deni si "hard to pay". Yeye ni "slow to pay", au "unwilling to pay" kama umeshamchoka.

Mwalimu wetu alituandikia ubaoni "John is eager to please" na "John is easy to please", akasema maana zinapishana kabisa. Mimi naona tofauti ni neno moja. (Kidato cha tano, Tabora)

Neno hilo moja ndilo lenye kazi yote. Mwanaisimu Noam Chomsky aliutumia mfano huu miaka ya 1960 kuonyesha kwamba sentensi mbili zinaweza kufanana kwa nje na kutofautiana kwa ndani. Katika ya kwanza John ndiye anayetaka kuwafurahisha watu. Katika ya pili watu ndio wanaomfurahisha John, tena bila taabu.

Angalia Kiswahili kinavyofanya: "John ana hamu ya kufurahisha watu", lakini "John ni rahisi kumfurahisha". Hiyo "-m-" inakuambia papo hapo nani anafanyiwa. Kiingereza hakina kiambishi hicho. Ni lazima ukijue kivumishi chenyewe: "eager", "willing", "happy", "afraid", "reluctant", "quick" na "slow" humtaja mtendaji, ilhali "easy", "hard", "difficult", "pleasant" na "dangerous" humtaja mtendwa.

Na usione haya. Mwaka 1969 Carol Chomsky, mke wa huyo Noam, alichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka mitano hadi kumi ambao Kiingereza ni lugha yao ya kwanza. Alikuwa na mwanasesere aliyefungwa kitambaa machoni, akawauliza: "Is the doll easy to see or hard to see?" Baadhi yao, hasa wale wadogo, walijibu "hard to see". Walidhani mwanasesere ndiye anayeona, na kitambaa kinamzuia! Ikiwa wenye lugha wanachelewa hivyo kuinasa, wewe wa Tabora huna deni.

Liko neno moja linalokaa pande zote mbili, nalo ni "ready". "The chicken is ready to eat" inaweza kuwa kuku mwenye njaa anayesubiri pumba, au kuku aliyekwisha kuiva. Sisi tunayo "tayari kula" na "tayari kuliwa". Wao wanaangalia kama kuku yuko bandani au mezani.

Niliandika "This book is easy to read it" na "it" ikakatwa kwa wino mwekundu. Si kitabu ndicho kinachosomwa? Na "easy to be understood" je, ni sahihi? (Mwanafunzi, Mombasa)

Ndicho, na kwa sababu hiyo hasa "it" haitakiwi. Umeileta kutoka nyumbani: "kitabu hiki ni rahisi kukisoma". "-ki-" yetu hukaa bila kumsumbua mtu, lakini Kiingereza kinaacha pengo hapo, kwa kuwa "this book" imekwishatajwa. "The tea is too hot to drink it" ina kosa hilohilo. Ukitaka kumtaja mnywaji, sema "too hot for me to drink". "It" inafaa ukianza nayo: "It is easy to read this book."

Kuna kosa la upande wa pili, nalo naliona zaidi hata kwa walimu: kuacha kihusishi cha mwisho. "This chair is comfortable to sit on." Hiyo "on" haiachwi. Kiswahili kimeimeza ndani ya "kukalia", ndiyo maana sikio letu halioni upungufu. "My boss is difficult to talk to" maana yake bosi haongeleki. Ukiikata "to" ya mwisho, sentensi imevunjika.

Umeuliza pia kuhusu "easy to be understood". Inatokana na "rahisi kueleweka", na haikosi ukoo: King James ya 1611 ina "hard to be understood" katika 2 Petro 3:16. Kiingereza cha leo kinasema "easy to understand". Mtihani hausahihishwi kwa Kiingereza cha 1611.

Mgeni aliniuliza kama nitakuwa zamu kesho, nikamjibu "I am not possible to come". Alielewa, ila aliduwaa kidogo. (Mhudumu wa hoteli, Diani)

"I can't come" inatosha. Ukitaka kirefu, "It is not possible for me to come". Mtu hawezi kuwa "possible".

Kwa wanaopenda vituko: "The problem is impossible to solve" ni Kiingereza safi, lakini "The problem is possible to solve" inawakwaruza masikio wengi. Vilevile "I am likely to come" inakubalika, "I am probable to come" haikubaliki. Sina kanuni ya kukupa hapo, ni ya kukariri.

"It is kind of you" au "kind for you"? (Muuguzi, Dodoma)

"Kind of you to help me." Jaribu kumpa mtu sifa hiyo moja kwa moja. "You are kind" inaleta maana ileile, basi tumia "of", na ndivyo ilivyo kwa "nice", "rude", "foolish" na "generous". Lakini katika "It is important for you to take this medicine" muhimu ni kumeza dawa, siyo mgonjwa (samahani kwa wagonjwa), kwa hiyo ni "for".

Niliwaambia watalii "The mountain is too beautiful". Mmoja akaniuliza, "Too beautiful for what?" (Kiongozi wa watalii, Arusha)

Alikutania, ila ana hoja. "Very" ni sana. "Too" inasema kipimo kimepita hata jambo fulani halifanyiki: "I am too tired to cook", nimechoka hata siwezi kupika. Kule kushindwa kumo tayari ndani ya "too", kwa hiyo usiseme "too tired that I cannot cook". Ukitaka "that", tumia "so": "so tired that I cannot cook".

Na "enough" hukaa nyuma ya kivumishi: "old enough to vote", kamwe si "enough old".

"He is sure to win" na "He is sure of winning" zinatofautiana? (Mtangazaji wa mpira, Kisumu)

Sana, na kwa kazi yako ni jambo la kuangalia. Ya kwanza inabeba uhakika wako wewe mtangazaji, mchezaji mwenyewe huenda anatetemeka. Ya pili inabeba uhakika wake yeye, na wewe unaweza kuwa humwamini hata kidogo.

Ofisini tunabishana kuhusu bango letu: "We are committed to serve you" au "to serving you"? (Karani, Kampala)

Andikeni "to serving you". "To" hii si ya kitenzi, ni kihusishi. Namna ya kuipima ni kuweka nomino baada yake: "We are committed to quality" inakaa, basi kitenzi kikija kichukue "-ing". "I am used to noise" inakaa, kwa hiyo ni "I am used to waking up early". "I am happy to noise" haikai, ndiyo maana ni "happy to help". Mkimaliza bango, geukieni barua zenu. Ile "looking forward to hear from you" ya mwisho nayo inataka "hearing".