Miguu inawaka moto usiku, je magnesiamu itanisaidia?

SWALI: Habari za kazi mfamasia. Mimi ni mama wa miaka 56, niko huku Tukuyu, kisukari ninacho mwaka wa nane sasa, natumia metformini asubuhi na jioni na bendro ya presha. Tangu mwaka jana nyayo zinawaka moto hasa usiku, mara sindano mara ganzi, shuka likigusa vidole naruka. Mwanangu aliyeko Dar kanitumia chupa ya magnesiamu imeandikwa 500mg, anasema inatibu neva. Jirani anasema tumepigwa, eti ni ileile magnesiamu ya kutafuna ya kiungulia inayouzwa duka la dawa hapa kwa bei chee. Nimeze ngapi kwa siku? Na je naweza kumgawia nusu mdogo wangu wa Makambako, yeye anatumia ARV na miguu inamchoma vilevile?

JIBU: Mwaghonile mama, na shikamoo.

Chupa iache kabatini kwanza. Sio kwamba ni kitu kibaya, ila kuna kipimo lazima kitangulie nacho ni cha figo, kinaitwa kreatinini, wanatoa damu kidogo tu na hospitali ya wilaya wanapima. Magnesiamu ikizidi mwilini inatolewa na figo, ndo njia yake kubwa, sasa wewe una kisukari na presha kwa pamoja na hivi viwili vinakula figo kimyakimya miaka na miaka bila mtu kuumwa popote. Figo zikiwa zimechoka kila kidonge unachomeza kinabaki ndani na kinajumlishana na cha jana. Daktari akikwambia uwezo wa figo kuchuja, anaoukokotoa kutokana na hiyo kreatinini, uko chini ya mililita 30 kwa dakika, basi mama hiyo chupa usiiguse kabisa, na ukiwa kati ya 30 na 60 usiamue mwenyewe, aamue anayekutibu. Watu wanaona hii ni madini tu kama chumvi haiwezi kudhuru, lakini waulize wakunga wa wodi ya wazazi, wao magnesiamu salfeti wanaitumia kila mara kwa wajawazito wenye kifafa cha mimba na wakiichoma wanakaa macho, wanapima goti kama bado linaruka likigongwa, wanahesabu pumzi, wanaangalia mkojo unatoka, na dawa ya kuiondoa nguvu ambayo ni kalsiamu glukoneti iko pembeni tayari. Ile ni ya sindano na dozi ni kubwa, sikutishi, ila mtu mwenye figo mbovu anaweza kufika kulekule taratibu kwa vidonge, mwili kulegea, presha kushuka, mapigo ya moyo kwenda polepole.

Tuje kwa jirani. Jina amepatia, dawa ndo amekosea. Ile nyeupe ya kutafuna ni magnesiamu trisiliketi, mara nyingi imechanganywa na alumini, kazi yake ni kupoza asidi tumboni na inayopenya kwenda kwenye damu ni kidogo, kwa hiyo usije ukaitafuna kumi kwa siku ukidhani unatibu miguu, utaishia kuvurugika tumbo. Aliyotuma mwanao inaelekea ni ya aina nyingine, na hapa naomba uchukue miwani au umwite mjukuu asome vizuri nyuma ya chupa maana jibu la "nimeze ngapi" liko pale.

Magnesiamu haikai peke yake kwenye kidonge, lazima ishikamane na kitu kingine, na ile namba kubwa ya mbele mara nyingine ni uzito wa vyote viwili. Kama imeandikwa magnesiamu glisineti miligramu 500, humo ndani magnesiamu yenyewe ni kama asilimia 14 tu, yaani miligramu 70 hivi, iliyobaki ni glisini. Sitreti ni kama asilimia 16. Oksaidi ndo ina magnesiamu nyingi, asilimia 60, kwa hiyo 500 ya oksaidi inakupa kama 300, lakini mwili unaifyonza vibaya na kinachobaki kinavuta maji utumboni, ndo maana watu wanaharisha alafu wanasema dawa inasafisha sumu. Hakuna sumu inayosafishwa pale. Sasa kuna chupa nyingine wanaandika neno magnesium, kwenye mabano wanaweka ni ya aina gani, kisha namba, hapo namba hiyo ndo magnesiamu yenyewe, na ikiwa ni 500 kweli basi kidonge kimoja tu kimeshapita kiwango. Wamarekani wameweka mwisho wa kuongeza kwa vidonge ni miligramu 350 kwa siku kwa mtu mzima, Ulaya wao wamesema 250, na hiyo ni nje ya ile unayopata kwenye chakula. Angalia pia kama ile namba ni ya kidonge kimoja au ya vidonge viwili vitatu, wanapenda kuficha hapo.

Je inatibu neva? Hapana, haitibu neva, na mwanao mwambie kwa upole maana nia yake ni njema. Kinachosemwa ni kwamba inaweza kupunguza kelele ya maumivu, na hoja yenyewe sio ya kubuni. Kwenye uti wa mgongo chembe za neva zina vijitundu vinavyopitisha kalsiamu, vikifunguka sana neva inazoea kupiga kelele hata bila sababu, shuka likigusa unasikia moto, na magnesiamu kwa kawaida ndo inakaa kwenye tundu hilo kama kizibo. Ikipungua, kizibo kinalegea. Kwenye wanyama wa maabara walioumizwa neva imeonekana kusaidia, ila kwa binadamu majaribio yaliyofanyika mengi ni madogo na majibu hayafanani, wengine walipata nafuu na kwingine waliomeza magnesiamu hawakutofautiana na waliomeza kidonge kitupu kisicho na dawa. Hata ile ya kukaza misuli usiku, mkakamao wa mashavu ya miguu ambao kila mtu anaandikiana magnesiamu, tafiti zilipokusanywa pamoja zilionesha kwa wazee haisaidii cha maana. Kwa hiyo anayekuuzia kwa maneno ya "inaponya neva kwa siku 30" mwache na chupa yake.

Pamoja na hayo wewe sikuondoi kwenye orodha ya watu wanaoweza kufaidika, kwa sababu una sababu mbili za kupungukiwa: sukari ikiwa juu magnesiamu inatoka na mkojo, na bendro nayo inaitoa. Ukiongeza omeprazo ya kila siku miaka mingi, hiyo ya tatu. Kipimo cha damu cha magnesiamu kipo hospitali kubwa ila ujue damu inabeba chini ya asilimia moja ya magnesiamu yote ya mwili, nyingi iko kwenye mifupa na misuli, kwa hiyo ikisoma chini ni chini kweli lakini ikisoma sawa bado haijamaliza ubishi.

Ila mama mimi ningekuwa na hela ya kipimo kimoja zaidi baada ya figo nisingeipeleka kwenye magnesiamu, ningepima vitamini B12. Kisukari unacho mwaka wa nane, na huenda metformini umeitumia muda wote huo. Metformini ni dawa nzuri sana na usiiache, lakini ikitumika muda mrefu inapunguza ufyonzaji wa B12, na B12 ikikosekana inaleta ganzi na moto wa miguu ambao kwa macho huwezi kuutofautisha na ule wa sukari. Tofauti ni kwamba huu wa B12 ukiwahiwa unatibika kwa sindano au vidonge, ukichelewa neva inabaki na kovu. Huku kwetu naona watu wanazunguka na vidonge vya kila rangi na hakuna aliyewahi kuulizwa metformini ameanza lini! Nyama na samaki na maziwa ndo vyenye B12, na kama siku nyingi ni ndizi na maharage basi hatari inaongezeka. Kama kipimo hakipatikani hapo Tukuyu muombe daktari akuelekeze Mbeya mjini, au aamue kukuanzishia bila kipimo, hilo liko kwenye uwezo wake.

Na tafadhali usikimbilie kununua vile vidonge vya mchanganyiko wa B vyekundu ukameza vitatu kwa siku mwaka mzima. Baadhi vina B6 miligramu 100 mpaka 200 kwa kidonge, na B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo inaharibu neva, inaleta ganzi ileile uliyotaka kuiondoa.

Kuhusu maumivu yenyewe, dawa zenye ushahidi zipo na nyingine sio ghali, amitriptilini kwa mfano, daktari anaanza na miligramu 10 au 25 usiku, inakausha mdomo na kuleta usingizi ila wengi wanalala, na mwenye shida ya moyo au ya presha ya macho lazima aseme kabla. Zipo gabapentini, pregabalini na duloksetini. Hizi ni za kuandikiwa, usinunue kwa kumsikia mtu kwenye daladala. Panado na diklofenaki kwa maumivu ya neva hazifanyi kitu, na diklofenaki ndo inakumalizia figo, kwa hiyo kama ulikuwa unaimeza kimyakimya acha leo.

Haya, tuseme figo ziko salama na bado unataka kuijaribu chupa ya mwanao. Sawa. Ianze kwa kiwango cha magnesiamu yenyewe miligramu 100 mpaka 200 kwa siku, kama ni glisineti ya 500 hiyo ni vidonge viwili, baada ya chakula cha jioni, usipite hapo bila kuongea na anayekutibu. Kila usiku kabla ya kulala andika kwenye daftari maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, fanya hivyo wiki sita, ikiwa namba haijashuka acha, usiendelee kwa imani. Ukiharisha punguza. Ukiandikiwa sipro au doksi kwa ugonjwa mwingine mwambie anayekupa kwamba unatumia magnesiamu maana zinashikana tumboni na antibaotiki haifanyi kazi, na dawa za tezi la shingo ni hivyohivyo, lazima ziachane masaa.

Chakula kinaweza kukusogeza mbali bila chupa. Mwanamke wa umri wako anahitaji kama miligramu 320 kwa siku kwa jumla. Karanga gramu 100 zina kama 170, mbegu za maboga zinapita 500 na watu wanazitupa, maharage yapo ya kutosha, parachichi la Rungwe tunalolipakia kwenye malori kila msimu lina kama 29 kwa gramu 100, sio nyingi ila linakuja na mafuta mazuri na sukari kidogo. Unga wa dona una zaidi ya 120 na ukikoboa ukapata sembe nyeupe unakuwa umeitupa sehemu kubwa pamoja na pumba, unawapa kuku. Kuku wana afya.

Kitu kingine hujakiuliza ila nalazimika kukisema kwa sababu Juni na Julai inakuja na baridi ya huku tunaijua. Miguu yenye ganzi usiiweke karibu na jiko la mkaa, wala usiiloweke maji ya moto yenye chumvi ya Epsom ukitegemea magnesiamu ipenye kwenye ngozi, haipenyi ya maana. Mtu mwenye ganzi anaungua na hajui, asubuhi anakuta malengelenge na kidonda cha mguu kwa mwenye sukari kinaweza kuishia kukatwa. Vaa soksi za sufu, maji yawe ya vuguvugu na uyapime kwa kiwiko au ayapime mtoto, na kila jioni geuza unyayo uangalie, ukishindwa kuinama weka kioo chini.

Sasa mdogo wako. Usimgawie kabla hajaenda CTC yake, yaani kliniki anakochukulia ARV. Kwanza moto wa miguu kwake unaweza kuwa wa virusi vyenyewe, au kama alianza dawa zamani unaweza kuwa umebaki kutokana na stavudini ambayo ilishaondolewa, au kama amepewa isoniazidi ya kukinga TB na vidonge vya B6 vya kuisindikiza aliviacha au havikuwepo, hiyo ni sababu ya kawaida kabisa na dawa yake ni hiyo B6 kwa kiwango kidogo watakachompa wao. Pia aulizwe bila kufokewa kuhusu ulanzi na pombe nyingine, maana pombe inamaliza vitamini B1 na magnesiamu kwa pamoja. Pili na hili ndo kubwa, watu wengi saivi wako kwenye kidonge kimoja chenye dolutegraviri, na magnesiamu ikikutana nayo tumboni inaishika isiingie kwenye damu vizuri, anaweza kumeza ARV kila siku na virusi vikapanda. Hiyo inahusu hata ile ya kutafuna ya kiungulia, na wengi wanaitafuna bila kumwambia nesi. Kama CTC watamruhusu magnesiamu, basi ARV imezwe masaa mawili kabla yake au masaa sita baada yake, mfano anayemeza ARV saa 2 usiku magnesiamu aimeze na chakula cha mchana saa 7, na isiwe jioni kama wewe.

Majibu ya kreatinini yakitoka nitumie namba yenyewe pamoja na kizio kilichoandikwa pembeni yake na uzito wako, na picha ya nyuma ya chupa, nitakwambia vidonge vingapi au visiwepo kabisa.