Jibu: njiti aliyedumaa tumboni na ubongo wake
Pole mdogo wangu, na hongera. Umeuliza kama mwanao wa wiki 31, kilo 1.1, ameumia ubongo kwa sababu alidumaa tumboni. Kudumaa peke yake hakumaanishi hivyo. Kondo la nyuma likishindwa kumlisha vizuri, mwili wa mtoto hupeleka damu zaidi kichwani, ndiyo maana kichwa huonekana kikubwa kuliko kiwiliwili. Inasaidia, ila si kinga kamili.

Damu kuvuja ndani ya ubongo hutokea zaidi siku 3 za mwanzo, na ultrasaundi huiona. Madhara ya sehemu nyeupe ya ubongo (nyuzi zinazopeleka ujumbe) huchelewa kuonekana, kwa hiyo kipimo safi cha wiki ya kwanza hakitoshi: muulize daktari pale hospitali ya Bombo, Tanga, kuhusu kukirudia karibu na tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Kangaruu (kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi) na maziwa yako endelea navyo, usiviache.

Unapopima ukuaji wake, umri uhesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, usimlinganishe na wa jirani. Akifika miezi 4 kwa hesabu hiyo bado amekunja ngumi muda wote, au miguu inakakamaa unapombadilisha nepi, mpeleke haraka kwa daktari wa watoto. Mazoezi ya viungo yakianza mapema husaidia.