Krauni ya zirkonia kwenye gego: niliyoyapata mimi, Kigoma

Mkuu, umesema bi mkubwa wako ametibiwa mzizi wa gego, sasa ameambiwa livalishwe krauni, yaani kofia ngumu ya kufunika jino zima, na amepewa bei tatu: ya chuma tupu, ya kauri juu ya chuma, na ya zirkonia ambayo ndiyo ghali kuliko zote. Unauliza kama hiyo zirkonia ina tofauti ya kweli au ni jina la kukukamulia hela. Mimi si daktari. Ni mwalimu tu, nipo Mwanga hapa hapa Kigoma, ila gego langu la chini limeshavaa krauni mbili na ya pili ndiyo zirkonia. Nimehangaika nayo vya kutosha kuwa na la kusema.

Kwa kifupi, tofauti ipo, na kwa gego lililotibiwa mzizi ningeichukua tena. Ila mimi iliniumiza karibu miezi mitatu, na kosa halikuwa la zirkonia.

Ya kwanza ilikuwa kauri juu ya chuma. Ndani kuna kikombe chembamba cha chuma, nje kimepakwa kauri ya rangi ya jino. Ilinitumikia miaka sita. Fizi iliposhuka kidogo pakatokea kamstari ka kijivu chini kabisa, nikakapuuza maana nani anachungulia gego la mtu mzima? Halafu jioni moja nakula ugali wa muhogo na mgebuka, nikauma kitu kigumu. Nikajua mwiba. Nikakitoa kwa kidole, nikakiweka kiganjani: kigae cheupe kama punje ya mchele, upande mmoja kinang'aa, upande mwingine kimeparuza kama chungu kilichovunjika. Ulimi ukaenda wenyewe kule nyuma ukakuta ncha. Kauri ilikuwa imebanduka, chuma kinachungulia.

Likizo iliyofuata nikashuka Dar, kliniki moja ambayo sitaitaja. Nitakachowasifia ni kwamba walikuwa na maabara yao nyuma, na fundi aliniruhusu kuangalia. Zirkonia inakuja kama sahani nene nyeupe, laini kama chaki, ukiikwaruza kwa kucha unaona unga. Mashine inayoongozwa na kompyuta inachonga jino humo ndani. Jino lilipotoka nikamuuliza fundi, "Hili la nani, la punda?" Lilikuwa kubwa kupita kiasi. Akacheka, akasema likiingia kwenye tanuri, nyuzi joto 1,500 hivi kwa saa kadhaa, linasinyaa karibu sehemu moja ya tano na kuwa saizi yangu. Kompyuta imeshapiga hesabu ya kusinyaa. Likitoka humo halikwaruziki tena, linahitaji almasi kulisaga.

Ugumu huo unatoka wapi? Zirkonia ni oksidi ya zirkoniamu. Ikiwa peke yake, inapopoa kutoka kwenye tanuri inabadili mpangilio wake wa ndani, inavimba na kupasuka. Kwa hiyo wanachanganya kitu kinaitwa yitria ili ibaki imetulia. Ikitulia hivyo inakuwa na tabia ya ajabu: ufa ukianza, chembe zilizo kwenye ncha ya ufa zinavimba kama asilimia 4 na kuubana. Nyie wa Kibirizi na Katonga, huku ufukweni mwa ziwa, mtanielewa haraka. Boti la mbao likikaa mchangani siku nyingi mbao zinaachia. Ukilishusha majini linavuja kidogo, kisha mbao zinavimba, linajifunga lenyewe. Ni kitu cha namna hiyo, ila ni ndani ya jino.

Na hapa ndipo aina zinapotofautiana, kwa hiyo ukiambiwa "zirkonia" tu, uliza ipi. Ile yenye yitria kidogo, mafundi wanaiita ya tatu kwa kufuata kiasi cha yitria, ndiyo ngumu kuliko zote: inahimili megapaskali (kipimo cha mkazo) 900 hadi 1,200 kabla ya kuvunjika. Ubaya wake haipitishi mwanga sana, inaweza kuonekana nyeupe iliyokufa, kama kipande cha sahani. Ukiongeza yitria hadi ya tano, inaanza kupitisha mwanga kama jino halisi, ila ile tabia ya kujibana ufa inapotea kwa kiasi kikubwa na nguvu inashuka hadi 500 au 700 hivi. Katikati ipo ya nne, na siku hizi kuna sahani za matabaka, chini rangi nzito na juu nyepesi, kama jino linavyokuwa. Kwa gego la nyuma la bi mkubwa, ya tatu au ya nne. Ya tano waachie wenye meno ya mbele na picha za harusi.

Tofauti nyingine ni kama krauni nzima ni kipande kimoja cha zirkonia, au ni zirkonia ndani halafu imepakwa kauri juu ili ipendeze. Hiyo ya kupakwa inapendeza kweli, lakini kauri ya juu inaweza kubanduka kama ilivyobanduka ile yangu ya kwanza. Kwa gego, kipande kimoja. Usiruhusu mtu akuuzie urembo kwenye jino ambalo hata mumewe halioni.

Faida nyingine nilizoziona mimi: hakuna mstari wa kijivu, fizi imetulia, chai ya moto haisumbui. Pia ya kipande kimoja haihitaji jino lichongwe sana. Kauri juu ya chuma inataka nafasi ya milimita moja na nusu hadi mbili kwa juu. Hii inaweza kutosheka na moja hivi. Si jambo dogo, kwa sababu jino likishachongwa halirudi.

Sasa yaliyonikuta. Siku ya kuvalishwa nilikuwa na ganzi, nusu ya mdomo imelala. Daktari akaniwekea ile karatasi ya bluu inayoacha doa pale meno yanapokutana, "uma", nikauma. Akasaga kidogo. "Uma tena." Akasaga tena. Nikamwambia nahisi kama nimeuma kokoto. Akanijibu, "Utazoea." Basi langu lilikuwa alfajiri kesho yake. Nikaondoka.

Sikuzoea. Wiki ya pili nilikuwa natafuna upande mmoja, wiki ya sita jino la juu linalokutana nalo likaanza kushtuka kwa maji baridi. Nilidhani limeoza. Nikaenda kwa daktari wa meno hapa Kigoma, kijana mtulivu hivi. Akaweka karatasi yake, nikauma, akanionyesha kwa kioo: meno mengine yana vidoti hafifu, krauni ina doa moja la bluu limekolea kama muhuri. Kisha akapitisha ile sindano yao ya kuchokonolea juu ya krauni, nikasikia kabisa, krrr, kama kucha kwenye tofali. Akasema, "Mzee, hapa waliposaga hawakung'arisha. Unatembea na msasa mdomoni." Kwenye jino la juu palikuwa pameshalika, pamekuwa bapa.

Hilo ndilo watu wanalikosea wanaposema zirkonia inakula meno ya jirani. Iliyong'arishwa vizuri haili sana, inateleza. Inayokula ni iliyosagwa ikaachwa na mikwaruzo. Yule kijana aliisaga kwa maji, taratibu, karatasi mara tano au sita, kisha akaanza kuing'arisha kwa viraba vyenye unga wa almasi, kimoja baada ya kingine. Alitumia muda mrefu kwenye kung'arisha kuliko kwenye kusaga. Nilitoka pale natafuna karanga.

Ubaya wake halisi ni mwingine. Kuitoa ni kazi, haing'oki kirahisi, inakatwa vipande kwa almasi na maji. Mzizi ukileta shida tena, inabidi itobolewe juu. Kwenye picha ya eksirei inatokea nyeupe pee, kwa hiyo kilicho chini yake hakionekani vizuri. Na krauni haiozi lakini jino lililo chini yake linaoza, pale ukingoni karibu na fizi, kama halisuguliwi. Jino fupi sana nalo ni tatizo, krauni haina pa kushikia.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, muulize daktari jino limebaki kiasi gani juu ya fizi. Wanapenda ibaki angalau milimita 2 za jino zima kuzunguka. Pungufu ya hapo hata zirkonia inaweza kutoka na kipande cha jino. Muulize pia kama mzizi ulizibwa vizuri na uombe uone picha. Na kama mnaifuata mbali, Mwanza au Dar, msikate tiketi ya kurudi kwa siku hiyo hiyo. Ganzi iishe, ale chakula cha kawaida siku mbili, akihisi kokoto arudi kitini.

Na kama hela haitoshi, chuma tupu si aibu. Jino linachongwa kidogo kuliko kwa krauni nyingine, chuma hakibanduki, na kwa gego la nyuma kabisa kinadumu. Nilipokuwa mdogo Ujiji kulikuwa na bibi jirani yetu mwenye jino la dhahabu, alizeeka nalo na akicheka tulikuwa tunaligombania kulitazama. Nisichokushauri ni kuliacha wazi na kale kajazio ka muda "mpaka mavuno". Gego lililotibiwa mzizi likipasuka katikati kwenda chini, kinachofuata ni koleo.

Jambo moja hukulisema: bi mkubwa anasaga meno usiku? Muulize anayelala naye chumba kimoja, yeye mwenyewe hatajua. Kama anasaga, daktari aambiwe kabla hajachagua aina, na huenda atamtengenezea kinga ya kuvaa usiku. Na gego lenyewe ni la juu au la chini?