Shule au skuli?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Tumehamia Unguja kikazi kutoka Morogoro. Huku vibao vyote vimeandikwa "skuli", na mwanangu akisema "shule" wenzake wanamcheka. Lipi sahihi? Na mbona yanafanana hivyo?

JIBU: Marahaba. Yote mawili ni sahihi, mtoto asione haya. Bara wanasema shule. Zanzibar skuli limo hata kwenye majina rasmi, kama Skuli ya Lumumba. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, lakini kwa neno hili kilifuata bara, na ndiyo maana hata Kenya, iliyotawaliwa na Waingereza, huandika shule.

Yanafanana kwa kuwa ni ndugu. Shule ni Schule la Wajerumani, waliofungua shule ya serikali Tanga miaka ya 1890. Skuli ni school la Waingereza, walioiweka Zanzibar chini ya ulinzi wao mwaka 1890. Wenyewe nao walilikopa: kwa Kilatini ni schola, lililotoka kwa Kigiriki skholē, yaani wasaa. Aliyekuwa na wasaa aliutumia kujadili elimu, mwishowe jina likahamia mahali pa kusomea.

Utamu uko kwenye ile sk. Katika Kijerumani cha kale neno lilikuwa scuola, kisha sk ikageuka sh karibu kila mahali. Tazama samaki: Wasweden na Wadenmark bado wanasema fisk, Wajerumani Fisch. Kiingereza nacho kiligeuza, kikapata fish na ship. Kwa mwendo huo school nalo lingeanza kwa sh! Halikugeuka, kwa sababu wasomi wao waliendelea kulisoma na kulitamka kwa Kilatini. Ndugu wengine wa jamii hii ya Kigermaniki ni skola la Kisweden, skole la Kidenmark, skóli la Kiaislandi na skool la Kiafrikana. Waholanzi huandika school kama Waingereza, ila baada ya s hutamka kh, ile ya "kheri" kwa anayeitamka sawasawa.

Kisarufi hayana tofauti: shule hii, shule hizi, skuli hii, skuli hizi. Kwenye insha mwanao achague moja, asiyachanganye. Akiwa Unguja, mimi ningemshauri aandike skuli.