Mke na mume jukwaani: kabla hujamwita mkeo msaidizi

Mdogo wangu, umeuliza kama wewe na mkeo, ambao mmekuwa mkifanya kiinimacho kwenye sherehe za watoto hapa Nairobi, mnaweza kutengeneza onyesho kamili la jukwaani, lenye masanduku ya kuingiza mtu, mkalizungusha shuleni na kwenye kaunti nyingine. Ukamalizia kwamba mkeo atakuwa msaidizi na kazi yenyewe utaifanya wewe. Mimi na mume wangu tumelisha watoto kwa kazi hii, na anayeingia sandukuni ni mimi. Kwa hiyo naanza na nafasi ya wifi yangu, maana mengine yote yatasimama au kuanguka hapo.

Mtu aliye nje ya sanduku anazungumza, anazungusha mikono, anapigiwa makofi. Aliye ndani amejikunja gizani, anafuata muziki kwa sikio kwa sababu haoni kitu, anajua ni bawaba ipi imeanza kulegea, anahamisha uzito wake bila sanduku kutikisika, kisha anatoka akitabasamu kana kwamba alikuwa amekaa kwenye kochi. Akichelewa hata kidogo, hakuna maneno ya mumewe yatakayookoa mchezo. Kama kuna mtu wa kuitwa msaidizi katika mchezo wa sanduku, ni yule anayewashughulisha watazamaji nje wakati kazi inafanyika ndani. Nasema hivi kwa uzito kabisa.

Wakongwe walilijua hili. Mcheza mazingaombwe Harry Houdini, kabla ya kusifika kwa kujifungua pingu, alikuwa na mchezo wa kubadilishana: mmoja anafungwa ndani ya gunia, gunia linatiwa sandukuni, sanduku linafungwa kwa kamba na kufuli, pazia linavutwa, na mara aliyekuwa nje yumo ndani, na wa ndani yuko nje. Mwanzoni aliucheza na ndugu yake. Alipomwoa Bess mwaka 1894, Bess akachukua nafasi hiyo, mwanamke mdogo wa umbo na mwepesi, na wakauzungusha pamoja kwa miaka. Miongo mingi baadaye Jonathan na Charlotte Pendragon, nao mke na mume, waliufanya mchezo huo huo kwa kasi ambayo jicho halipati hata nafasi ya kushuku. Katika mabadilishano hayo nusu ya kazi ni ya kila mmoja, na kasi yao ni kasi ya yule aliye mzito zaidi kati yao.

Na yupo Adelaide Herrmann. Mumewe Alexander, mmoja wa wacheza mazingaombwe wakubwa kabisa Marekani, alifariki ghafla mwaka 1896. Adelaide hakuuza vifaa. Aliendelea na onyesho, mwisho akalibeba peke yake kwa jina lake mwenyewe kwa zaidi ya miaka 25. Aliweza kwa sababu alikuwa ameijua kazi yote, ya ndani na ya nje. Mkeo naye aijue yote: aseme maneno yako, wewe ujikunje kwenye nafasi yake. Kwetu mabadiliko hayo yalilazimishwa na mimba. Tumbo lilipoanza kuonekana, sanduku halikunifaa tena, na tulikuwa tumeshapokea malipo ya awali ya muhula mzima. Mume wangu akaingia ndani, mimi nikasimama nje na deraa langu pana. Sanduku lilipanuliwa kidogo kwa ajili ya mabega yake, na mengine tukayaacha yalivyokuwa. Watoto wa shule walishangilia kuliko zamani. Kumwona mama mjamzito akimkata baba vipande viwili kuliwapa raha ambayo hatukuitarajia. Hadi leo tunabadilishana katika mchezo mmoja wa kila onyesho.

Sasa, ushauri ambao labda hukuutegemea: msianze na sanduku. Anzeni na mchezo wa kusomana mawazo. Mke anafungwa macho jukwaani, mume anatembea katikati ya watu, anapokea kitu kutoka kwa mtazamaji, na mke anakitaja. Julius na Agnes Zancig, waliozaliwa Denmark na kuanzia kazi Marekani, waliitikisa London kwa mchezo huu mwaka 1906, na siri yao ilikuwa lugha ya alama iliyofichwa ndani ya maneno ya kawaida na namna ya kuuliza. Hakuna cha kubeba ila kitambaa cha kufunga macho. Mnaweza kupanda matatu na mfuko mmoja mkaenda kufanya onyesho Thika na kurudi jioni.

Lakini msinakili alama za Kiingereza kutoka kwenye mafunzo ya intaneti. Mtasikika kama watu wanaokariri. Tungeni zenu kwa Kiswahili, na hapo mtaona utajiri tulio nao. Tuna haya, basi, hebu, ehe, sasa, enhe, sema, taja, upesi, na kila moja linaweza kuwa nambari bila mtu kugeuka. Tuna uhuru wa kupanga maneno: "hiki ni nini" na "nini hiki" zote ni za kawaida kinywani, lakini kwenu zinaweza kubeba habari mbili tofauti. Hata kimya cha kupumua mara moja ni alama. (Zetu siziandiki hapa, bila shaka, hizo ni za kuonyesha njia tu.) Andaeni orodha ya vitu ambavyo watu wetu hubeba kweli: kitambulisho, funguo, rozari, miwani, kalamu, leso, chenji, na kwa shule, rula, kifutio, bikari, kadi ya maktaba. Kisha fanyeni mazoezi mkipika, mkifua, mkiwa kwenye foleni ya gari. Hapa ndipo ndoa inapowapa faida ambayo wacheza wawili waliokodishana hawaipati kamwe. Mnaishi pamoja, mazoezi yanaingia ndani ya siku bila kulipiwa ukumbi. Mchukue miezi. Msiende mbele ya watu mpaka mkeo ajibu bila kusita hata mtoto akilia chumba cha pili.

Mkishaimudu hiyo, njooni kwenye masanduku.

Vifaa vya kuagiza kutoka ng'ambo ni ghali, usafiri na ushuru vinaongeza, na vingi vimeundwa kwa majukwaa makubwa yenye taa za kitaalamu. Sisi vyetu vimetengenezwa hapa hapa. Fremu za chuma chembamba tulichomelewa na fundi wa jua kali Kamukunji, plaiwudi na bawaba vikafanywa na seremala mwingine kabisa, na kitambaa cheusi cha mahameli nikakinunua mwenyewe Biashara Street baada ya kukishika na kukiweka juani, kwa sababu mahameli ya bei rahisi hung'aa ukiimulika na mng'ao huo hufichua kila kitu. Kwa makusudi tuligawa kazi kwa mafundi wawili, ili asiwepo mmoja anayeuona mchezo mzima. Pimeni mwili wa atakayeingia akiwa amevaa mavazi ya onyesho, si akiwa na fulana. Kila kipande kipite kwenye mlango wa kawaida wa darasa na kibebwe na watu wawili, ambao ni nyinyi wenyewe. Mbao mbichi ziepukeni, zitapinda. Hata plaiwudi nzuri ikifika Mombasa, karibu kilomita 480 kutoka hapa na kwenye hewa nzito ya bahari, huvimba ukingoni na mlango uliokuwa ukifunguka kwa kidole unaanza kugoma. Tunapaka vanishi ndani na nje na tunabeba msasa.

Kumbi za shule ndizo zitakazowafundisha adabu. Usifikirie Ukumbi wa Kitaifa wa Kenya pale karibu na chuo kikuu, wenye pazia, mabawa ya jukwaa na watazamaji wote mbele. Shule nyingi za bweni watakupa ukumbi wa kulia chakula, Jumamosi mchana, madirisha pande zote, wanafunzi wameketi hadi ubavuni mwa jukwaa, na nyuma yako kuna dirisha la kupakulia ambapo wapishi wamejipanga kuchungulia. Mchezo wowote unaohitaji giza au unaokatazwa kuonwa kutoka pembeni utakufa hapo. Kwa hiyo ukichagua sanduku, swali la kwanza ni pembe: mtu akikaa hapa, ataona nini? Mmoja wenu akae kwenye kila kona ya ukumbi kabla watoto hawajaingizwa. Sisi tuna skrini zetu za kukunja, na mkataba unasema wazi kwamba hakuna anayekaa nyuma ya mstari tunaouchora kwa chaki. Mwalimu mkuu akikataa, tunafanya onyesho la kusomana mawazo na mikono mitupu, na sanduku linabaki kwenye pikapu. Ndiyo maana nilikwambia uanze na lile.

Usalama. Hapa sina mzaha hata chembe. Sanduku liwe na matundu ya hewa yasiyozibwa na kitambaa, na aliye ndani awe na uwezo wa kutoka mwenyewe bila msaada wa mtu, hata kama yule wa nje amezimia. Muwe na neno moja ambalo likisikika kila kitu kinasimama, pazia linafungwa, na hakuna kulaumiana baadaye. Kabla ya kila onyesho, anayeingia ndiye anayekagua, kwa mikono yake, si kwa kuambiwa "iko sawa".

Na msiguse bunduki. Najua umeona kwenye video mtu akidaka risasi kwa meno. William Robinson, Mmarekani aliyejifanya Mchina kwa jina la Chung Ling Soo, alizunguka dunia na mkewe Dot na alikuwa ameufanya mchezo huo miaka mingi. Bunduki yake ilitengenezwa ili risasi isitoke, lakini kwa kutumika sana baruti ikapenya mahali isipotakiwa. Tarehe 23 Machi 1918, kwenye jukwaa la Wood Green Empire huko London, risasi ilitoka kweli. Alifariki siku iliyofuata. Kifaa kilichofanya kazi jana hakijatoa ahadi yoyote kuhusu leo.

Kuna jambo la kwetu ambalo mafunzo ya nje hayatakuambia. Watu watauliza kama mna majini. Mzazi atampigia mwalimu, mchungaji atataka kujua mmetoa wapi hizo nguvu. Jibuni mapema, kabla ya kuulizwa, na kutoka jukwaani: hiki ni kiinimacho, ni mazoezi ya mikono na macho, hakuna nguvu nyingine. Kuna watakaosema mnaua utamu. Sikubaliani nao, watoto wakishajua hakuna jini wanaacha kuogopa na wanaanza kutazama kwa akili zao zote, na huyo ndiye mtazamaji ninayempenda. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma mcheza mazingaombwe wao Robert-Houdin (si Houdini yule) Algeria akawaonyeshe watu kwamba uchawi wa Wafaransa ni mkubwa kuliko wa mashehe wao, akatumia sanduku jepesi lililogeuka zito kwa nguvu ya sumaku ya umeme hadi mtu mwenye misuli akashindwa kuliinua. Ufundi wake nauvulia kofia. Kutumia ufundi huo kuwatisha watu katika nchi yao, hapana. Tena hapa Kenya tuna Sheria ya Uchawi ya tangu 1925, inayomgusa anayejidai kuwa na nguvu hizo ili kuwatia watu hofu au kuwadhuru. Msitabirie mtu ugonjwa, msimwambie habari za marehemu wake, na msifanye mchezo wa kuzalisha noti. Katika mji huu wenye wash wash, yaani utapeli wa noti bandia, mtu akikuona ukigeuza karatasi kuwa elfu moja atakutafuta nyuma ya ukumbi, na hatakuwa na nia ya kukupongeza.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Malipo ya awali yaingie M-Pesa kabla pikapu haijapakiwa. Muhula wa tatu shule zina mitihani, kwa hiyo mtegemee harusi, makanisa na sherehe za kampuni za mwisho wa mwaka. Na fungu la mkeo litoke waziwazi, liende kwenye laini yake, si "pesa ya nyumba". Jina lake liandikwe kwenye bango kwa herufi za ukubwa uleule na lako.

Ugomvi wa onyesho usirudi nyumbani na nyinyi. Sisi hatuongelei makosa tukiwa barabarani, hata kama tunatoka Nakuru na kimya ni kirefu. Kila mmoja anaandika yake kwenye daftari, tunasomeana kesho yake baada ya chai. Mavazi nayo mkeo aamue mwenyewe. Si lazima avae nguo fupi zenye kumetameta kwa sababu umeziona kwenye video za Las Vegas. Mimi huvaa kitenge kilichoshonwa kwa ajili ya kujikunja, na mama mkwe alipoliona onyesho kwa mara ya kwanza alikaa mstari wa mbele hadi mwisho.

Michoro ya sanduku siweki hapa hadharani. Kwanza mwulize wifi kama anataka kuingia humo ndani. Akikubali, aniandikie yeye mwenyewe, anitajie urefu wake na kumbi mnazozifikiria, nami nitamwelekeza kwa fundi.