Maji yafike wapi kwa mbwa aliyepasuliwa goti, na kwa nini siku mbili za muuzaji hazitoshi

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni msaidizi katika kliniki ya wanyama hapa Ntinda, Kampala. Nina diploma ya afya ya mifugo, na mwaka jana nilisoma kozi ya msingi ya tiba ya maji kwa mbwa. Sasa mkurugenzi ameagiza tredimili ya majini, ile yenye tangi la kioo na mkanda unaotembea chini. Muuzaji ameahidi kutufundisha siku mbili. Nimeomba nipelekwe kozi ya juu, lakini mkurugenzi anasema ni kutupa pesa, kwani mashine yenyewe ina vitufe vinne tu. Nani kati yetu yuko sahihi? Tena mgonjwa wa kwanza keshapatikana: mbwa wa ulinzi, German Shepherd, kilo 36, alipasuliwa goti la nyuma wiki tatu zilizopita. Maji yafike wapi na mkanda uende kwa kasi gani?

JIBU: Marahaba. Kuhusu vitufe mkurugenzi wako hajakosea. Pandisha maji, shusha maji, ongeza mwendo, simamisha: hata askari wa getini atavijua kabla ya chai ya saa nne. Kazi ni kujua kipi kibonyezwe, kwa mbwa yupi, wiki ya ngapi. Basi tuanze na huyo mgonjwa wako, na suala la kozi litajijibu humo humo.

Mbwa akisimama na maji yakamfika kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, miguu yake bado inabeba kama asilimia 91 ya uzito wake. Yakifika usawa wa goti, inabeba asilimia 85. Yakifika usawa wa nyonga, 38. Zitazame tena namba hizo. Kutoka kifundo hadi goti hujampunguzia kitu cha maana. Nafuu yote iko kati ya goti na nyonga. Kwa mbwa wako wa kilo 36, maji ya gotini yanamwachia mzigo wa kilo 30 na ushee, ya nyonga yanamwachia kilo 14 hivi. Nimewaona watu wenye vyeti wakijaza maji hadi gotini kwa hoja kwamba goti ndilo linaloumwa. Huko ni kumtembeza mbwa barabarani akiwa amelowa.

Hata hivyo usikimbilie kujaza tangi. Maji yakizidi, sehemu ya nyuma inaanza kuelea, na mbwa mjanja anajivuta kwa miguu ya mbele huku ya nyuma ikiburuzwa tu. Ukitazama kwa juu utadhani anatembea vizuri. Piga magoti, tazama kupitia kioo: je, nyayo nzima inalala kwenye mkanda, au ni ncha za kucha zinazogusa na kuteleza? Wakati mwingine sikio linawahi kuliko jicho, maana kucha zinazokwaruza mpira zina mlio wake. Ukiusikia, shusha maji sentimita mbili tatu na utazame tena. Kwa mbwa wako ningeanza chini kidogo ya nyonga, halafu kadiri wiki zinavyokwenda na daktari mpasuaji anavyoridhika, maji yashuke na mguu urudishiwe mzigo wake kidogo kidogo. Maji ya chini nayo yana kazi yake baadaye: yakiwa usawa wa kifundo, mbwa hunyanyua mguu ili uvuke juu ya maji, na hapo viungo vinakunjika kuliko akitembea kwenye sakafu kavu.

Kasi iwe kilomita 1 hadi 1.5 kwa saa, mwendo wa mzee anayetoka msikitini bila haraka. Kumbuka kwamba ukizidisha kasi mara mbili, ukinzani wa maji huongezeka takriban mara nne, kwa hiyo kugusa kitufe kidogo tu ni mzigo mkubwa kwa paja lililonyong'onyea. Atembee dakika mbili, apumzike, tena dakika mbili, apumzike, tena mbili. Basi, inatosha kwa siku hiyo. Joto la maji liwe kati ya nyuzi 28 na 30. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na chumba kikijaa mvuke kuhema hakusaidii sana, kwa hiyo fungueni madirisha.

Ila kabla ya yote hayo, barua ya mpasuaji iko wapi? "Upasuaji wa goti" si jina la operesheni moja. Kuna ule wa kukata mfupa na kufunga bamba la chuma, na kuna ule wa kufunga uzi imara nje ya kiungo. Mfupa uliokatwa unahitaji wiki nane hivi, au zaidi, kuunga. Taka kuona picha ya eksirei. Hakikisha nyuzi za ngozi zimetolewa na kidonda kimefunga kabisa, vinginevyo mnapandikiza maambukizi.

Na pima homa kila anapokuja. Hapa kwetu mbwa anayechechemea si lazima awe na goti bovu. Homa za kupe nazo huleta maumivu ya viungo na uchovu, na mbwa aliyetoka upasuaji salama anaweza kuzipata wiki hiyo hiyo. Kipimajoto kikizidi nyuzi 39.2, haingii majini, arudi kwa daktari. Anayeharisha vilevile. Mwenye moyo dhaifu au pua fupi asitiwe maji ya kifuani bila daktari kuruhusu, kwa sababu maji hukandamiza kifua na kufanya pumzi iwe kazi.

Unaona sasa kozi ya juu inauza nini. Inakufundisha kusoma mwendo, kupapasa msuli na kutambua maumivu, kupanga mzigo wa wiki baada ya wiki, na kujua siku ya kusema hapana. Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, kina cheti cha tiba ya kurejesha mwendo wa mbwa, kinachojulikana kama CCRP. Canine Rehabilitation Institute, ya Marekani pia, ina cheti cha CCRT kwa madaktari wa mifugo na wanafizioterapia, na CCRA kwa wasaidizi, kwa hiyo kwa diploma yako uliza hicho cha CCRA, na uliza mapema kama diploma ya Uganda inakubalika. Kozi za Uingereza ni nzuri kwa upande wa maji, na wanakuzoesha kutomgusa mbwa bila rufaa ya daktari. Zoea hilo ulibebe ukirudi, maana kutambua ugonjwa ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa.

Kabla ya kulipa, waulize nitakuwa majini saa ngapi, na mbwa wangapi tofauti? Wakikujibu kwa video na vitini, tunza pesa yako. Na kama bajeti inatosha kozi moja tu, mimi ningechukua ile ya kuchunguza mwendo na maumivu nchi kavu, nikaacha ile ya maji. Najua wenzangu wa mabwawa hawatapenda kusikia hivyo.

Hizo siku mbili za muuzaji usizidharau. Mbane kwa maswali ya Kampala: umeme ukikatika mbwa akiwa ndani, mkanda unasimama vipi, na maji yanatoka yenyewe bila pampu? Tangi hizi mara nyingi hubeba zaidi ya lita elfu moja, na mlango haufunguki maji yakiwa ndani. Akuoneshe kwa kuzima swichi kuu, asikusimulie tu. Halafu suala la klorini. Maji ya bomba yanakuja yametiwa dawa, lakini manyoya, mate na mkojo huila haraka. Pimeni kila asubuhi na katikati ya siku, klorini pamoja na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Katika pH ya 7.2 karibu theluthi mbili ya klorini iko katika hali inayoua vijidudu. Ikipanda hadi 8 inabaki robo hivi, hata kama kipimo cha klorini kinaonesha namba ile ile. Na chumba kikinuka klorini kali, msijisifu usafi. Harufu ile ni ya klorini iliyokwisha kuungana na uchafu.

Kwa huyo German Shepherd, chukua futi ya fundi cherehani mzungushe mapaja yote mawili, uandike, na apime mtu yule yule kila wiki. Siku ya kwanza aingie tangi kavu, ale vipande viwili vya nyama, atoke. Siku ya pili maji ya vidoleni, mkanda umezimwa. Siku ya tatu ndipo uwashe, wewe ukiwa ndani nyuma yake na buti za mpira, mkono mmoja kwenye mkanda wa kifuani, na mlinzi wake amesimama mbele ya kioo akimwita jina.