Kabla hujatua, ujue redio inaweza kukufichia mwenzako

Nilikuwa futi kama 400 juu ya ardhi, nimeshanyoosha kutua, jua la jioni likinipiga kwa nyuma upande wa kulia. Kiwanja hakikuwa na mnara wa kuongozea ndege, kwa hiyo kila rubani hujitangaza mwenyewe redioni. Nikatupa jicho mbele kushoto, nikaona kivuli cha ndege yangu kikikimbia juu ya nyasi. Karibu nacho kabisa kilikuwepo cha pili.

Sikungoja kujua ni cha nani. Niliipa injini nguvu yote, nikapaa huku nikikata kulia, ndipo nikaiona: ndege ya mabawa ya juu, chini yangu na mbele kidogo, inateremka bila wasiwasi wowote. Yangu ni ya mabawa ya chini. Bawa langu lilinifichia yeye, lake likamfichia mimi.

Chini tulianza kwa lawama. "Kaka, mbona hukutangaza?" "Nimetangaza! Wewe ndiye uliyekaa kimya." Aliyetuamua ni fundi aliyekuwa kaacha redio wazi: alisikia mkwaruzo tu, kama bati linaburutwa sakafuni. Wote wawili tulikuwa tumetangaza, sekunde ileile.

Redio hizi ukibonyeza kitufe kusema, husikii. Wawili wakibonyeza pamoja, kila mmoja humaliza maneno yake akiamini kasikika. Na watu wa kubonyeza pamoja ni akina nani? Mara nyingi ni wale wanaofika kona ileile kwa wakati uleule. Yaani mtu ambaye unamhitaji kumsikia kuliko wote ndiye unayeweza kumkosa.

Kwa hiyo siku hizi nikishatangaza, nasubiri kidogo na kusikiliza. Nikisikia mkwaruzo kati ya watu wengine, nawaambia wamegongana hewani, warudie. Na jibu lisilo na jina la ndege silihesabu. Mwaka 1996, kule Quincy, Illinois, marubani waliokuwa wanakuja kutua waliuliza kama ndege iliyokuwa kwenye njia nyingine ya kurukia itawasubiri. Aliyejibu alikuwa rubani wa ndege ndogo iliyokuwa nyuma ya hiyo waliyoiuliza, na sehemu ya maneno yake ilimezwa na sauti ya tahadhari ndani ya chumba chao. Wakadhani wamejibiwa na waliyemuuliza. Ndege mbili ziligongana pale njia zilipokutana, wakafa watu 14.

Macho nayo yana hila zake. Ndege inayosogea kwenye kioo chako itapita. Ile iliyotulia palepale, kidoa kama uchafu wa mdudu, huku ikikua, hiyo ndiyo inakujia. Tikisa kichwa, sogea kwenye kiti, uchungulie nyuma ya nguzo ya dirisha. Kabla ya kukata kona, wenye mabawa ya juu inueni kwanza bawa la upande mnaokwenda, mtazame. Sisi wa mabawa ya chini tuna mahali tusipopaona chini yetu, na wakati wa kutua ndiko tunakoshukia.

Penye mnara, ukiambiwa umfuate mwenzako ukampoteza machoni, sema hapohapo "simwoni". Aibu ya nini? San Diego, 1978, marubani wa Boeing 727 walisema wanaiona Cessna, ndege ndogo iliyo mbele yao, kisha wakaipoteza bila kumweleza mwongozaji waziwazi. Ziligongana, wakafa watu 144, wakiwemo waliokuwa ardhini.

Kuhusu nani ana haki ya kutua kwanza, kanuni inampa aliye chini zaidi, lakini inamkataza kuitumia kumkatia mwenzake mbele. Mimi sijawahi kubishania haki hiyo angani wala sitaanza. Nikiwa na shaka narudi juu, hata mara mbili, abiria wanune wanavyotaka.

Ila usipande moja kwa moja juu ya njia ya kurukia. Mwenzako aliye chini naye akighairi kutua, atapaa akitokea tumboni mwako. Kama hakuna mwingine upande huo, sogea kulia kwa njia huku unapaa, ili abaki upande wa dirisha lako la kushoto, umwone hadi magurudumu yake yaguse.